Moto Aliopewa Mtoto wa Jirani

Jumatatu, 3 Juni

Jaji anakuja mlimani! Wakili ameingia ofisini na viatu vya matope, hakusalimia mtu, akapiga meza mpaka chai yangu ikamwagika. Mahakama imekubali. Alhamisi ya wiki ijayo Jaji mwenyewe atapanda, aone kwa macho yake jinsi wenyeji wanavyochoma nyasi mapema, kidogo kidogo, kabla kiangazi hakijakaza. Ili moto mkubwa ukija ukose cha kula. Tumeililia ziara hii tangu kesi ianze.

Tangu Watu wa Hewa waje hakuna anayeruhusiwa kupanda na kiberiti. Watu wa Hewa ni kampuni iliyokodishwa mlima wetu. Inauza hewa safi ya miti yetu kwa viwanda vya mbali, viwanda vinalipa, vinaendelea kutoa moshi kama kawaida. Mama ndiye aliyenielewesha hivyo, mimi ninayechapa hati zote za kesi! Nyasi zikarundikana, hakuna wa kuzichoma. Mwaka jana zikashika zote kwa mpigo. Mizinga ya nyuki kwisha, nyumba za juu kwisha, msitu wenyewe waliosema wanaulinda kwisha. Halafu wakasema tumechoma sisi, na mgao wetu wa fedha za hewa wakaufuta. Wakili anauita huo uonevu wa tabianchi. Ameusema mara nyingi mpaka siku hizi namalizia sentensi kabla yake.

Akauliza, nani atawasha mbele ya Jaji? Mama hawezi. Ndiye mwenye moto, mkuu wa uchomaji hapa kwetu, kila mtu anajua, lakini moshi wa miaka yote hiyo umemla kifua na daktari kamkataza hata jiko la mkaa.

— Yule binti aliyemfundisha yupo?

Yupo. Ataenda wapi? Mshumaa yupo siku zote.

Nimejibu nimeinamisha kichwa, najifanya natafuta kalamu.


Jumanne, 4 Juni

Nimerudi nyumbani nikakuta pikipiki ya Mshumaa mlangoni na kofia yake ngumu juu ya kitanda changu. Changu! Mshumaa alikuwa anamsuka Mama nywele sebuleni, wanacheka mpaka Mama anakohoa. Habari za Jaji zilishawafikia.

— Mwanangu, umeona? Watakuja kukuangalia wakubwa, Mama anamwambia.

Mwanangu. Mimi ananiita karani. Tangu nilipoajiriwa ni karani njoo, karani kula, karani umelipia umeme? Eti utani.

Mshumaa ni mtoto wa jirani. Mrefu, mwembamba, jina la utani lilimshika tangu shule. Ana saluni yake sokoni na mdomo wa kuwatosha wateja wote. Tulipokuwa watoto, kiangazi kikianza, Mama alikuwa anamchukua yeye. Kiberiti, fungu la matawi mabichi, hao, wanapanda. Mimi naachwa niangalie sufuria. Nililia, nikagoma kula, nikajitia mgonjwa. Jibu lilikuwa moja tu: mwenye moto hamfundishi mtoto aliyemzaa. Ndiyo kanuni. Basi. Kwa nini? Ndiyo kanuni.

Lakini mimi si mjinga. Nikiona moshi tu unapanda, naacha sufuria, nakimbia, najificha nyuma ya mawe makubwa. Niliona kila kitu. Hawajui mpaka leo.

Wivu? Hapana. Haya, ndiyo. Ninao, umeota mizizi, na leo umepata mbolea.


Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya jambo.

Wakili alikuwa anapitia kile kifungu cha sheria ya mazingira, kinachosema maarifa ya wenyeji yanayorithishwa kizazi hata kizazi yaheshimiwe. Alikuwa anajisomea kwa sauti, anatembea, anagonga kabati. Nikasema polepole, kama vile limenijia sasa hivi tu: Jaji akipanda pale akaonyeshwa msusi wa sokoni, mtoto wa jirani, wenzetu wa upande wa pili watasema nini? Watasema hiki si kitu cha kurithi, ni kazi ya kujifunza tu kama kusuka. Lakini akionyeshwa mama na binti yake...

Wakili akasimama. Akavua miwani.

— Kwani wewe unajua kuchoma?

— Najua.

Limetoka lenyewe. Na wala si uongo! Njia ya mawe, ile inayozuia moto usivuke, naijua. Upepo naujua: unawashia kule upepo unakoelekea, moto urudi nyuma ukiupinga, ukitambaa chini chini. Matawi mabichi, watu wa kupiga kingo za moto. Nimeviona mara ngapi?

Akasema mimi ni karani tu, si wakili wa kesi, hakuna kizuizi. Akasema wazo zuri sana. Akasema mbona nilikuwa nimelikalia siku zote? Nimetembea mpaka nyumbani, sikutaka hata kupanda gari. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani.


Ijumaa, 7 Juni

Nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

— Hapana.

Nikamwambia ni mambo ya mahakama, Wakili ameshakata shauri. Akasema kanuni naijua. Nikasema kanuni naijua, sababu ndiyo siijui, na mimi si mtoto tena. Akakohoa. Nikangoja. Sababu, akasema, anapewa yule anayefundishwa, siku ya kwanza kabisa. Nikitaka nimuulize Mshumaa.

Nimuulize Mshumaa! Afadhali nimeze kiberiti chenyewe.

Nikamuuliza kama ananikataza. Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. Hawezi kunikataza kitu ambacho hakunipa, ndivyo alivyosema. Kisha akauliza, saa ngapi? Saa tano asubuhi, nikamwambia.

Akaangua kicheko. Cheko gani lile, mpaka machozi, mpaka akashika ukuta kwa kikohozi.

— Saa tano! Waambie wabadilishe, karani.

Nikamwambia ratiba ya Jaji haibadilishwi kama zamu ya kuchota maji.

— Basi siku hiyo hakuna moto.

Alivyosema! Hakupandisha hata sauti. Mama yangu mzazi ananitakia mkosi, na mikono imeshaurudia ungo.


Jumapili, 9 Juni

Nimepita saluni. Sikwenda kumuuliza kitu! Nilikwenda aone uso wangu wakati anaambiwa. Kumbe alishaambiwa.

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa na kitana mdomoni, anamsuka mama mmoja mnene, akanionyesha stuli kwa kidole cha mguu. Nikakaa. Akauliza nimewahi kuwasha? Nikasema niliwaona. Nikamwaga siri yote, mawe, kujificha. Akacheka mpaka kitana kikaanguka.

— Kumbe yule ngedere nyuma ya mawe alikuwa wewe!

Akaniuliza niliona nini. Nikamweleza hatua kwa hatua. Akawa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Nimeona vizuri, akasema. Vizuri sana. Nikavimba, nakiri.

— Na siku tulizorudi nyumbani?

— Siku zipi?

Akaacha kusuka. Akanitazama kwenye kioo, si usoni, kwenye kioo.

— Mwanzo nilikuwa narudishwa tu. Tunapanda, tunashuka. Tunapanda, tunashuka. Nilidhani mama yako ananichezea akili.

Anajisifia hata uvumilivu! Mteja akalalamika kichwa kinapoa. Nikanyanyuka. Akasema atakuja siku hiyo na matawi. Nikamwambia sijakualika. Mlima si ukumbi wa harusi, akasema, na wateja wote wakacheka, mimi nimesimama pale kama ndoo.


Jumatano, 12 Juni

Buti mpya. Gauni la bluu nimelipiga pasi mara mbili. Kiberiti ninacho. Wakili amenikumbusha: niseme kidogo, nisimame wima, Jaji akiuliza nimjibu Jaji na si yule mwanasheria wa Watu wa Hewa.

Na Mama anakuja! Kajisemea mwenyewe asubuhi, ananipa mgongo, anafunga dirisha. Atakaa ndani ya gari la Wakili, vioo juu, moshi usimfikie.

Hajawahi kuja kunitazama nikifanya chochote. Siku ya mahafali yangu alikuwa mlimani na yule Mshumaa.

Kesho ataniona.


Alhamisi, 13 Juni

Naandika kwenye benchi la hospitali. Kalamu nimeazima kwa mlinzi. Mama yuko ndani.

Niandike kwa mpangilio, nisije nikajidanganya baadaye.

Walifika saa tano kamili. Jaji ana buti za mvua na mwavuli, mama wa makamo, ananiamkia vizuri tu. Mwanasheria wa Watu wa Hewa kavaa viatu vyeupe, mlimani! Mtaalamu wao ana kidude cha kupima upepo kinachozunguka. Madereva, polisi wa mahakama, Wakili anafuta jasho. Jua limewaka. Mama ndani ya gari, uso umegusa kioo.

Mshumaa alikuja nyuma ya wote na fungu lake la matawi. Hakumsalimia Jaji. Aling'oa nyasi, akazivunja, akazinusa, akazipeperusha. Akaja mpaka sikioni kwangu.

— Sema leo hapana.

— Nini?

— Mwambie Jaji leo hapana. Ndiyo kazi yenyewe. Mwambie arudi jioni, au kesho kutwa. Sema!

Nikamtazama Jaji. Anaangalia saa. Nikamtazama yule mwenye viatu vyeupe, anatabasamu. Mtu gani anamrudisha Jaji mjini mikono mitupu? Nikamtazama Mama kwenye kioo. Amekuja. Kwa ajili yangu. Na huyu tena anataka kunipokonya hata siku hii!

— Unanionea wivu, nikamwambia.

Mimi. Nikamwambia yeye!

Nikawasha.

Ulianza vizuri, sitanii. Ulirudi nyuma kwa adabu, chini chini, ukilamba nyasi. Jaji akasema ahaa, akaandika. Wakili akaninong'oneza safi. Niligeuka kuangalia gari, nione uso wa Mama.

Niligeuka tu. Kidude cha mtaalamu kikaanza kuzunguka kwa kasi upande mwingine. Upepo wa bondeni, ule unaopanda jua likikolea. Sikuwahi kuuona. Siku niliyokuwa naona moshi ni siku ambayo upepo ule hauji! Siku ukija walirudi nyumbani, na mimi nilikuwa nyumbani kwenye sufuria, naangalia mlima hauna moshi, najua hakuna kitu.

Moto ukainuka. Ulikuwa magotini, ukanipita kichwa. Nikakimbia, na nikakimbia upande usio wake, nje ya njia ya mawe. Moshi mzito. Sioni mkono wangu. Naita, nakohoa.

Nikasikia mtu anaita. Mwanangu! Mwanangu!

Nikadhani anamwita yule. Hata mle ndani ya moshi, sijui kama nitatoka, roho iliniuma: anamwita Mshumaa.

Kisha nikamwona. Mama, viatu vimemtoka, kitambaa mdomoni, anakuja moja kwa moja mahali nilipo. Akanikamata gauni akanivuta hadi pale palipokwisha kuungua, chini majivu, miguu yake peku. Hapo akaniachia. Akakaa chini kama mtu aliyechoka tu. Akalala.

Mshumaa hakuja. Alimwona mwalimu wake anaingia, alikuwa karibu kuliko mtu yeyote, na hakuondoka kwenye mawe. Nilimsikia anapiga moto, anawatukana polisi wa mahakama washike matawi, anamwamrisha mtaalamu, anamwamrisha Jaji! Nilimchukia. Tulipokuwa tunambeba Mama kwenye gari nilimpigia kelele, muuaji wewe, mama anakuita mwanangu na wewe unapiga nyasi. Hakugeuka.

Daktari kasema mapafu. Kasema tungoje.


Ijumaa, 14 Juni

Wamempa mashine ya kupumulia. Wananiruhusu nimchungulie kwenye kidirisha.

Wakili amekuja asubuhi, nyusi zimeungua, amenunua matunda ambayo hakuna wa kuyala. Nilidhani amekuja kunifukuza kazi. Kesi nimeiua mimi. Watu wa Hewa hawakuhitaji shahidi mwingine: mwenyeji kapewa kiberiti mbele ya mahakama, kaunguza mlima.

Ndivyo yule mwanasheria alivyosema pale pale, Wakili anasimulia. Moto ulizuiwa kwenye mawe, haukufika nyumba wala msitu. Mwenye viatu vyeupe, navyo vyeusi sasa, akasema mheshimiwa nadhani tumeona ya kutosha. Jaji akasema bado. Akamwita Mshumaa. Akamuuliza: wewe ulikuwa unamnong'oneza nini yule dada? Mshumaa akasema, nilimwambia leo hapana. Nani alipanga saa tano? Mahakama, mheshimiwa. Jaji akaandika hilo, Wakili anasema, akapiga mstari chini.

Akauliza tena. Yule mama ana binti wa kumzaa. Kwa nini alikufundisha wewe?

Na Mshumaa akamjibu. Mbele ya madereva na polisi, uso mweusi wa masizi. Zamani mwenye moto mmoja alimfundisha mtoto wake. Mtoto akapotelea kwenye moshi. Mama huyo akaacha mstari wa kuzuia moto, akamfuata, na moto ukapita pale pale alipokuwa amesimama, ukamaliza nyumba za watu. Tangu hapo anafundishwa yule ambaye akiingia kwenye moshi, mwalimu wake anaweza kubaki amesimama. Huambiwa hivyo siku ya kwanza, na akikubali ndiyo anafundishwa.

— Mama wa yule dada amewaonyesha kwa nini, akasema.

Wakili anasema Jaji aliacha kuandika. Anasema kwa maisha yake yote ya sheria hajawahi kusikia ushahidi wa namna ile, kwamba kanuni ni hiyo, si ukoo, na kwamba sisi wenyewe tulikuwa tunaificha. Sisi! Alikuwa muungwana, alisema sisi. Jaji atapanda tena. Na safari hii saa ataipanga Mshumaa. Wenzetu wameomba marufuku iendelee mpaka hapo, nyasi zinakauka kila siku, hajui Jaji atakubali lipi.

Saa ataipanga Mshumaa. Niliposikia, kitu kikaniuma pale pale palipozoea kuuma. Mama yangu kwenye mashine, na bado! Sina haya.

Wakili ameondoka. Nimekaa na lile jambo. Mshumaa alikuwa mtoto mdogo alipoambiwa. Kwamba nitakuacha. Ukiingia kwenye moshi sitakufuata. Akarudi kesho yake na matawi. Na miaka yote hiyo amekuwa akija kwetu anacheka, anamsuka nywele, anamwita mama.

Na mimi niliyeachwa kwenye sufuria nikadhani nimenyimwa.


Baadaye.

Amekuja. Ananuka moshi mpaka wagonjwa wa benchi la pili wamegeuka. Alibaki mlimani na madereva mpaka asubuhi, wanafukia makaa. Viganja vimetoka malengelenge, huyu ambaye vidole vyake ndivyo vinavyomlisha. Hakuniamkia. Nilitaka nimwambie kuhusu lile neno muuaji. Nikamsogezea tunda. Hakulichukua. Tumekaa, mimi huku, yeye kule mwisho.

Kisha akasema, anaangalia sakafu:

— Nilisikia alivyokuita.

Basi. Hicho tu. Nimeusikia wivu katika sauti yake, na mimi naijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote duniani.

Muuguzi ametoka sasa hivi. Mama ameamka! Hawezi kuongea sana, kasema, asichoshwe. Amevua barakoa mara mbili kuuliza kitu kimoja tu: moto umelala? Anauliza umelala wote, mpaka chini ya mawe? Hataki kutulia mpaka ajibiwe. Aingie mtu mmoja.

— Mtoto wake ni nani hapa?

Mshumaa ameinuka nusu, ameketi tena, amekunja mikono yake iliyoungua mapajani.

Nimesimama mimi. Kalamu bado mkononi. Mimi niliondoka na gari, sijui kama moto umelala; anayejua ni yeye. Muuguzi ameshika mlango, ananiangalia mimi, anamwangalia yeye —